Tole ya kinga ni nzuri, lakini tukinge kwanza mutu anayeifunga

Ndugu watumishi, nanyi mama wa nyumba munaosoma ukurasa huu wa Usalama na Afya,

Hapa tunazoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi, kaske na viatu vya kazi. Leo nataka kuzungumza juu ya kitu kinachofungwa chini ya motokari. Musishangae. Mimi ni infirmiye, si makanika. Lakini vidole vilivyosagwa, macho yaliyoingiwa na chuma na vifua vilivyolaliwa na motokari haviletwi garaji. Vinaletwa kwetu, dispanseri. Ndiyo sababu nina neno la kusema.

Watu wengi wa kambi na wa site wako na motokari ya 4x4. Wengine walinunua pick-up ya zamani ili kubeba mahindi na makala kutoka pori, ili mushahara ufike mwisho wa mwezi. Siku ya Posho na siku ya Mungu, ukipita katika njia zetu, utaona miguu ya mutu inatokea chini ya motokari, na kando yake kipande cha tole nene. Mutu huyo anataka kufunga kinga chini ya resori za nyuma, ili mawe na mashina ya miti yasivunje amortisere. Wazo lake ni zuri. Lakini namna anavyolifanya inaweza kumuua.

Mawazo yangu nayasema tangu mwanzo. Kazi hii isifanywe tena katika lupango, juu ya kriki na matofali. Ifanywe katika garaji, juu ya fose, magurudumu yote mane yakikanyaga chini. Na tole ifungwe kwa buloni, si kwa sudire. Munisikilize sababu zangu, kisha mupime wenyewe.

TOLE INAKINGA NINI?

Tazameni chini ya motokari ya kazi, kwa mufano Land Cruiser ya namna ya 70, ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984 na ambayo wote tunaijua. Nyuma kuna ponti, chuma kikubwa kinachounganisha magurudumu mawili, na katikati yake tumbo la diferansiele. Kwa pick-up, juu ya ponti kuna resori za bati nyingi zilizolazwa moja juu ya ingine. Resori hizo zinashikwa kwenye ponti na bride, vyuma vya mufano wa herufi U. Kando yake kuna amortisere, na mwisho wake wa chini umefungwa karibu kabisa na ponti.

Juu ya barabara ya lami, kati ya Lubumbashi na Likasi, vitu hivi havigusi kitu. Lakini acha lami, ingia njia ya kwenda Mitwaba ao Pweto, ao njia yoyote ya wachoma makala. Pale kuna mashina ya miti yaliyokatwa na kufichwa na majani marefu. Kuna vichuguu vya muchwa, vigumu kama saruji wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua, tangu mwezi wa 11 mupaka mwezi wa 4, malori yanachimba mifereji mirefu. Magurudumu yanaingia ndani yake na ponti inakokota katikati. Hata katika njia za karieri, jiwe moja lililoanguka kutoka lori kubwa linatosha.

Jiwe likipiga mwisho wa chini wa amortisere, chuma kinapindika ao kinakatika. Amortisere haishiki tena. Gurudumu linarukaruka juu ya udongo, na gurudumu linaloruka halifungwi na freni wala halifuati njia. Motokari yenye watu nyuma inaanza kuyumba. Jiwe likiharibu mwisho wa bride, ekru haifunguki tena siku ya matengenezo, ao inalegea bila mutu kujua, na ponti inaweza kuhama kutoka fasi yake. Sisi wa hospitali tunalijua neno hili vema, kwa sababu ambilansi yetu nayo inapita njia hizo, na mama anayesikia uchungu wa kuzaa hawezi kungoja porini mupaka amortisere ipatikane.

Kwa hiyo tole ya kinga si kitu cha kujipamba. Inafanya kazi ya mugongo wa mutumbwi: inateleza juu ya jiwe, na jiwe halishiki chuma chembamba. Sipingi tole. Napinga namna ya kuifunga, na namna ya kuendesha kisha kuifunga.

UZITO UNAOLALA JUU YA MUTU

Pick-up ya namna hiyo, bila muzigo, inakaribia tani 2. Hata nusu yake tu ni uzito wa watu zaidi ya kumi. Sasa fikiri: huyu ndugu ameinua nyuma kwa kriki, ameweka matofali, kisha ameingia chini na kuanza kukaza buloni kwa kle ndefu. Kila anapovuta kle, anasukuma motokari. Yeye mwenyewe ndiye anayeitikisa juu ya kichwa chake.

Wengi wananiambia: «Infirmiye, nilivuta freni ya mukono.» Musikilize vizuri. Katika motokari nyingi, freni ya mukono inashika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, freni inashika magurudumu yaliyo hewani! Yale ya mbele, yanayokanyaga udongo, hayashikwi na kitu. Katika Land Rover nyingi za zamani, freni ya mukono inashika muti wa tranzimisio. Pale, ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, diferansiele inaruhusu gurudumu lile la hewani kuzunguka, na motokari inatembea ingawa freni imevutwa. Freni ya mukono inasaidia, lakini haiwezi kuwa mulinzi wa pekee wa maisha yako.

Wengine wanasema: «Kriki yangu ni ya haidroliki, ni nguvu sana.» Kriki ni chombo cha kuinua, si chombo cha kushikilia. Ndani yake kuna mafuta yanayozuiwa na kapete kadogo ka mupira. Mupira ukichoka, mafuta yanarudi, na kriki inashuka polepole ao kwa mara moja.

Na matofali? Matofali ya saruji yenye matundu ndani ni mabaya kupita yote. Yanabeba, yanabeba, kisha yanapasuka bila kupindika na bila kulia kwanza. Mbao inalia mbele ya kuvunjika, tofali halikuonyi.

KIFUA NA MUGUU VILIVYOFINYWA

Motokari ikilala juu ya kifua, haihitaji kuvunja mufupa hata mumoja ili kuua. Inatosha izuie kifua kisipanuke. Mutu asipopata pumuzi, bongo inaanza kuharibika katika dakika chache tu, karibu 4 ao 5. Katika dakika hizo, nani yuko lupango? Mara nyingi ni mama na watoto, na kriki imelala chini ya motokari pamoja na baba.

Kuna neno lingine ambalo watu wengi hawalijui. Katika muji wa London, mwaka 1941, waganga wawili, Bywaters na Beall, waliandika juu ya watu waliotolewa chini ya nyumba zilizoangushwa na bombe za vita. Watu hao walikuwa wamefinywa mikono ao miguu kwa saa nyingi. Walitolewa wazima, wakisema na watu. Kisha mukojo ukageuka rangi na ukapunguka, figo zikasimama, na baada ya siku chache wakafa. Nyama ya mwili iliyofinywa muda mrefu inakufa, na sumu yake inaingia katika damu wakati uzito unapoondolewa. Sumu hiyo inasumbua moyo na figo.

Tangu siku zile waganga wamejifunza kutunza ugonjwa huu, kwa maji ya mushipa na kwa mashini ya kusafisha damu. Lakini mugonjwa lazima afike mapema. Kwa hiyo mujue mambo haya mane.

La kwanza, kama mutu amefinywa, muite watu kwa sauti kubwa na mutume mumoja mbio kutafuta ambilansi. La pili, muondoe uzito upesi, lakini kwa akili: muweke kriki ingine na mbao nene chini ya shasi kila munapoinua kidogo, ili motokari isirudi juu yake ao juu yenu. La tatu, muangalie saa. Muganga ataulizia: alifinywa tangu saa gani, akatolewa saa gani? La ine, mumupeleke hospitali hata akisimama na kusema «Sina kitu, naenda kulala.» Mukojo wa rangi ya chai nyeusi ni alama mbaya sana, lakini musingoje kuiona.

MACHO YA BABA NA MACHO YA WATOTO

Kuanguka kwa motokari hakutokei kila juma. Macho, ndiyo, tunayaona kila juma.

Tole inakatwa kwa mashini ya kukatia chuma, na inapasuliwa matundu kwa mashini ya kutoboa. Vipande vidogo vya chuma vinaruka vikiwa na moto. Kimoja kikiingia katika jicho, kinajibandika, kisha kinaanza kutoa kutu ndani ya jicho lenyewe. Pale ndipo watu wanapofanya mambo ya kuharibu: wanatoa kwa kijiti cha kiberiti, kwa ncha ya kitambaa, kwa ulimi; wengine wanatia maziwa ya mama. Nawaomba sana, muache! Kijiti kinapasua ngozi ya jicho. Ulimi na maziwa vinaingiza microbe katika kidonda. Musisugue, mufunike jicho bila kulifinya, mukuje. Miwani ya kinga haina bei kubwa, na jicho haliuzwi fasi yoyote. Mutu alale chini ya motokari na miwani vilevile, kwa sababu kutu na udongo mukavu vinaanguka sawa katika uso wake.

Kwa mashini ya kukatia, disiki lazima iwe na nguvu ya kuzunguka mbio sawa na mashini ao kupita. Hesabu imeandikwa juu ya disiki na juu ya mashini, muisome. Disiki inayozungushwa mbio kupita hesabu yake inapasuka kama risasi. Na ile kinga ya chuma inayofunika disiki, fundi anayeiondoa ili «aone vizuri» siku moja hataona tena.

Ninyi mama, sasa nasema nanyi. Watoto wanapenda kutazama mwangaza wa sudire. Mwangaza ule unaunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, lakini maumivu hayaji pale pale. Yanakuja nyuma ya saa nyingi, katikati ya usiku. Mutoto anaamuka analia, anasema kuna muchanga katika macho yake, na ninyi munafikiri ni ugonjwa wa macho mekundu. Mara nyingi inapona katika siku moja ao mbili, lakini mulete mutoto tumutazame. Zaidi ya yote, wakati jirani anapopiga sudire, muwaite watoto ndani ya nyumba. Kutazama kupitia vidole hakusaidii kitu.

HOMA AMBAYO SI MALARIA

Watu wengine wanatwaa tole yenye kupakwa zenki, ile inayong'aa kama tole ya nyumba, na wanaipiga sudire. Zenki inaungua na kutoa moshi mweupe. Mutu anayevuta moshi huo anasikia vizuri mupaka jioni. Kisha, nyuma ya saa chache, anaanza kutetemeka, anapata homa, kichwa kinauma, mifupa inauma, kinywani anasikia ladha ya chuma. Kila mutu wa Katanga atasema nini? Malaria! Atanunua vidonge, atavimeza, na kwa kuwa homa ya zenki inaisha yenyewe katika siku moja ao mbili, ataamini vidonge vimemuponyesha. Juma linalofuata atarudia kupiga sudire ile ile, na homa itarudi.

Basi, ukifika dispanseri na homa, utuambie kazi uliyofanya jana. Musinielewe vibaya: homa yoyote inahitaji kupimwa damu, kwa maana malaria inaua, na mutu aliyepiga sudire anaweza kuwa na malaria vilevile. Lakini bila kujua kazi yako, tunatafuta ugonjwa gizani.

KWA NINI BULONI, NA SI SUDIRE?

Hapa nimewauliza mafundi wenye akili, na maneno yao yanapatana na yangu.

Resori ni chuma kilichopikwa kwa moto wa kipimo ili kipate nguvu ya kupindika na kurudi. Moto wa sudire unaharibu mapishi hayo. Fasi ile itakatika siku moja, labda siku ambayo umebeba watu. Bride ni vilevile. Amortisere nayo ina mafuta ndani, na nyingi zina gazi iliyofinywa; kuipasha moto ni kutengeneza bombe. Juu ya ponti kuna majiri ya freni, na si mbali sana kuna tanki ya mazuti. Ponti yenyewe inaweza kupindika juu ya moto. Ni kwa faida gani kuweka tole ya kinga na kuharibu kile kinachokingwa?

Tole iliyofungwa kwa buloni inaweza kutolewa, kusafishwa, kunyooshwa na kurudishwa. Mafundi wanashauri buloni zenye alama 8.8 juu ya kichwa, si buloni laini zilizookotwa. Kichwa cha buloni kizame katika tole, ili jiwe lisikikate. Makali ya mbele ya tole yapindikwe kwenda juu, na ya nyuma vilevile, kwa sababu motokari inarudi nyuma pia na tole yenye makali sawa inashika udongo kama jembe. Bride zilizokwisha kukazwa kwa nguvu na kufunguliwa, fundi muzuri hazirudishi. Anaweka mpya, na hafungui zote za upande mumoja kwa mara moja.

Tole isiwe nzito bila sababu. Kipande cha chuma cha sentimetre 30 kwa 20, cha milimetre 5, kina kilo 2 na nusu hivi. Mawili, moja kila upande, ni kilo 5. Hiyo inatosha kwa kukinga miisho ya amortisere. Lakini wengine wanakata tole moja kubwa ya kufunika chini yote. Fanya hesabu: metre 1 kwa sentimetre 60, milimetre 6, inapita kilo 28. Mutu mumoja, akilala chali, hawezi kuishikilia kwa mukono mumoja na kutafuta ekru kwa mukono mwingine. Itaanguka juu ya meno yake.

Tole kubwa ina hatari ingine. Udongo na majani makavu vinajaa juu yake. Wakati wa kiangazi, majani hayo yakigusa bomba la moshi la moto, yanawaka. Kwa hiyo iwe na matundu ya kutosha ya kutoa maji na uchafu, na isafishwe kila mara. Kisha kufunga, mupakie motokari muzigo, mutazame kama tole haigusi majiri ya freni wakati resori inaposhuka. Nyuma ya safari ya kwanza, mukaze buloni tena.

FOSE YA GARAJI

Sasa nafika kwa neno lenyewe. Tole hii inafungwa kwenye ponti, na ponti inakaa juu ya magurudumu. Kwa hiyo, mara nyingi, kazi hii haihitaji kuinua motokari hata kidogo! Motokari ikiwa juu ya fose, magurudumu mane chini, kale za mbao mbele na nyuma yao, fundi anasimama katika fose na kuinua mikono. Hakuna kriki, hakuna matofali, hakuna kulala chali. Hata kazi inakuwa nzuri zaidi, kwa sababu resori iko katika urefu wake wa kweli na fundi anaona wazi nafasi iliyobaki.

Fose nayo ina sheria zake. Motere isiwashwe wakati mutu yuko ndani, kwa sababu moshi wake ni sumu isiyo na rangi na unajaa chini. Kinara cha moto kisishuke ndani. Na fose isiyotumika ifunikwe.

Lakini watumishi wengi hawana fose. Fose ziko katika garaji za kompanyi. Ndiyo maana nawaomba viongozi wa garaji, kwa heshima: mutafute namna ya kufungua fose moja siku moja ya Posho kila mwezi, mutumishi aje na motokari yake na tole yake, alipe buloni zake, na fundi mumoja asimamie. Najua mutanijibu nini. Mutasema garaji ni ya motokari za kompanyi, si ya motokari za watu. Mutasema mutu akiumia pale, kosa litakuwa letu. Ni maneno ya haki. Lakini mutumishi anayeumia katika lupango lake siku ya Mungu ni mutumishi yule yule anayekosekana siku ya kwanza kazini. Jicho lake ni jicho lile lile linalopaswa kuona lori linaporudi nyuma. Na watoto wake ni watoto wale wale tunaowatunza katika dispanseri yetu. Hatari haijui mupaka wa ukuta wa kompanyi.

Mupaka siku ile, yule anayelazimishwa kuinua motokari afuate angalau haya. Fasi iwe ya sawa na ngumu, si udongo wa mvua. Kale za mbao ziwe pande mbili za kila gurudumu la mbele. Ufunguo wa motokari ukae katika mufuko wa yule anayelala chini, na mutoto asipande ndani. Ukiinua, weka shandele mbili za chuma zenye nguvu ya kutosha, kisha ushushe motokari juu yake. Kriki ibaki kama ya akiba. Mbele ya kuingia, sukuma motokari kwa nguvu zako zote. Kama itaanguka, ianguke wewe ukiwa inje. Lala gurudumu la akiba chini ya shasi. Na usifanye kazi peke yako: awepo mutu mukubwa anayejua kutumia kriki. Kama huna shandele, huna kazi ya kufanya siku hiyo.

Kidonda chochote cha chuma chenye udongo, hata kidogo, kilete kioshwe. Pepopunda haitazami ukubwa wa kidonda. Angalia katika kitabu chako cha shindano: ulichanjwa mwaka gani? Kama hujui, uje tukuanzie.

KINGA YA TATU

Nina neno la mwisho kwa mashofere. Nimesikia mutu akisema: «Sasa nina tole, naweza kupita popote.» Huyo ndiye ninayemuogopa. Kinga ya kwanza ni njia: jiwe unaloliona katika njia ya karieri, ujulishe liondolewe, usililenge kwa tole yako. Kinga ya pili ni mwendo: kwa mwendo wa polepole ponti inapanda juu ya jiwe, kwa mwendo wa mbio inalipiga. Tole ni kinga ya tatu. Inakinga chuma tu. Haikingi shingo ya ndugu aliyeketi nyuma ya pick-up juu ya mifuko ya makala. Kwa shingo hiyo hakuna tole. Kuna kiti, mukaba na shofere mwenye akili.

Amortisere iliyovunjika inapatikana Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, kwa feza. Basi mupeleke tole zenu garaji, muulize fose. Na mama ukiona miguu ya baba inatokea chini ya motokari iliyokaa juu ya matofali, usimupelekee chai pale. Mwambie atoke kwanza.

Infirmiye wenu